Mpira Mmoja Chini ya Lori: Moshi wa Tumboni Uelekezwe Wapi?

Ukiinama kutazama chini ya kichwa cha lori la dizeli linalounguruma likisubiri zamu ya mizani, aghalabu utaona mpira mweusi umening'inia kuelekea ardhini. Mdomoni mwake hutoka moshi mwepesi, mweupe au wa kijivu, na tone la oili halikosekani. Huo si moshi wa ekzosi. Umetoka tumboni mwa injini, mle inamozunguka krenkshafti, na kwa zaidi ya miaka sitini wahandisi, wenye magari, mafundi na serikali wamevutana juu ya swali moja: uelekezwe wapi?

Kwenye malori mengi mapya mpira huo huuoni. Umepandishwa juu hadi kwenye njia ya hewa, ili kilichotoka tumboni kimezwe tena na injini. Wapo wenye magari wanaouchomoa huko na kuushusha chini kama zamani. Marekani kazi hiyo ina wapenzi wengi, na vifaa vyake huuzwa tayari vimefungashwa pamoja. Huku kwetu hufanyika gereji kimyakimya, kwa kipande cha mpira na klipu mbili. Naamini inafanyika mno kwa mazoea na kwa nadra sana kwa vipimo, na gharama yake huangukia injini yenyewe, au huangukia mapafu ya watu ambao hawakuulizwa.

Tuanze na chanzo cha moshi wenyewe. Hakuna ringi ya pistoni inayoziba moja kwa moja. Dizeli huwaka kwa kubanwa: hewa ndani ya silinda husindiliwa hadi ipate joto la kuwasha mafuta bila plagi, na mwako ukishaanza, shinikizo hupanda hadi zaidi ya mara mia moja ya lile la hewa tunayovuta. Kwa nguvu hiyo sehemu ya gesi hupenya pembeni mwa ringi na kushuka chini. Injini kubwa, hata ikiwa nzima, hupitisha makumi ya lita za gesi kila dakika, na iliyochoka hupitisha mara kadhaa ya hapo. Ndani yake mna mvuke wa maji, masizi, mafuta ambayo hayakuungua na gesi za mwako. Inaposhuka inakutana na oili inayorushwarushwa na krenkshafti mpaka ikawa ukungu. Matone mengi ya ukungu huo ni madogo kuliko sehemu ya elfu moja ya milimita, ndiyo maana wavu wa kawaida hauyanasi.

Gesi hiyo lazima itoke. Ukiifungia itajitafutia mlango: itasukuma sili ya nyuma ya krenkshafti, itatoa oili kwenye gaskiti ya tapeti kava, itainua dipstiki. Kuna watu wanaoupiga boliti mdomo wa mpira ili lori lisichafue yadi. Haichukui muda wanaanza kulalamika kwamba injini inavuja kila upande, kisha wanabadilisha sili ambazo hazikuwa na kosa lolote. Katika nchi za baridi kali kama Kanada, hali hiyo huletwa na barafu: mvuke wa maji hugandia ndani ya mpira mrefu uliopita kwenye upepo, njia inaziba, na dereva anaikuta oili yote imemwagika barabarani.

Zamani jibu lilikuwa jepesi. Bomba liliteremshwa chini ya gari likakatwa mshazari, na upepo wa mwendo ukaifyonza gesi. Gari likisimama, ufyonzaji nao husimama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, magari ya kijeshi yaliyotakiwa kuvuka mito yalipewa njia iliyofungwa, gesi ikirudishwa kwenye injini, ili maji yasipandie kwenye bomba hilo. Vita vilipokwisha wazo hilo likawekwa kando, mpaka Los Angeles ilipoanza kukosa pumzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa akifundisha Caltech, alionyesha kwamba ukungu uliokuwa ukichoma macho ya watu wa jiji lile huzaliwa pale mvuke wa petroli na oksidi za naitrojeni zinapopigwa na jua. Ilipochunguzwa mvuke huo hutokea wapi, bomba la tumbo la injini likabainika kuwa miongoni mwa wakosaji wakubwa. Magari ya petroli ya modeli ya 1961 yaliyouzwa California yakafungwa vali ya kurudisha gesi kwenye injini, na kufikia modeli ya 1963 watengenezaji walikuwa wamelipeleka jambo hilo nchi nzima. Kabla ya kataliti, kabla ya petroli isiyo na risasi, kusafisha magari kulianzia kwenye mpira huu.

Dizeli haikuguswa, na haikuwa kwa upendeleo. Injini ya petroli ina kipepeo kinachobana hewa, na nyuma ya kipepeo hicho kuna mvuto unaoweza kuitoa gesi tumboni bila gharama. Dizeli ya zamani kwa kawaida haina kipepeo. Yenye turbo ndiyo kabisa, kwani ndani ya manifoldi yake kuna msukumo mahali pa mvuto. Mahali pa kuirudishia gesi ni pamoja tu: kati ya chujio la hewa na turbo. Hapo ukungu wa oili hupitia mapanga ya turbo, ukaingia kwenye intakula, yaani kipoza hewa, na kuzipaka kuta zake, na hewa inayopita ikapoa kidogo kuliko inavyotakiwa. Wahandisi waliihofia hali hiyo, na sheria ya Marekani ikawasikiliza. Kwa miongo kadhaa injini kubwa za dizeli zenye turbo ziliruhusiwa kupumulia nje.

Mfano wa kufaa ni Cummins ya lita 5.9 yenye silinda sita za mstari mmoja, iliyoanza kufungwa kwenye pikapu za Dodge za modeli ya 1989. Ni injini ya lori iliyoshushwa kwenye pikapu. Ndugu zake wa ukoo wa injini za Cummins uitwao B wameundwa pia China na Dongfeng, mjini Xiangyang, kwa hiyo fundi wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kukutana nao kwenye lori, jenereta au mtambo wa ujenzi. Matoleo ya vali 24, yaliyoanza mwaka 1998, yalipumulia kwenye chupa ndogo iliyofungwa mbele ya injini. Ukungu uliotoka hapo ulifika kwenye rejeta, vumbi likanata juu yake, na baada ya muda rejeta ikawa imevaa ngozi ya tope la oili. Injini ikapandisha joto ikivuta mzigo mlimani, huku wenyewe wakihangaika na thamostati na pampu ya maji. Dawa ilikuwa kuondoa chupa, kuunganisha mpira mrefu na kuupeleka nyuma kando ya fremu. Mabadiliko hayo nayakubali bila shaka yoyote. Gesi ilikuwa ikitoka nje tangu kiwandani, na kilichohamishwa ni mahali pa kutokea.

Ford na General Motors walishika njia nyingine. Power Stroke ya lita 7.3, iliyoundwa na Navistar, na Duramax ya lita 6.6 iliyoanza na modeli ya 2001, zilirudisha gesi kwenye hewa kabla ya turbo. Mwenye gari akifungua mipira ya intakula huikuta imelowa, na mpira uliolowa oili huteleza kwenye klipu ukachomoka wakati turbo inasukuma kwa nguvu na trela liko nyuma. Shida ikazidi ilipokuja vali ya kurudisha moshi wa ekzosi kwenye silinda. Masizi makavu hupeperuka na oili hutiririka, lakini vikikutana huwa gundi nyeusi inayojenga ukuta ndani ya manifoldi. Wenye Hilux na Prado za dizeli wa hapa kwetu wanaifahamu. Manifoldi ikifunguliwa, njia ya hewa imesinyaa, na gari lililokuwa halina nguvu kwa miezi linapata jibu lake.

Kwa hiyo mtu anayetamani kuuchomoa mpira kwenye njia ya hewa hatamani upuuzi. Injini yake kweli itavuta hewa kavu na safi zaidi. Yanayofuata baada ya hapo ndiyo yasiyosemwa.

La kwanza ni sheria. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, iliondoa ule msamaha kuanzia injini za modeli ya 2007: ama tumbo la injini lifungwe, ama kinachotoka humo kihesabiwe pamoja na moshi wa ekzosi na jumla isivuke kikomo. Mwaka huohuo Cummins ilileta injini ya lita 6.7 kwenye pikapu za Dodge, ikiwa na chujio la ukungu juu ya tapeti kava, la kubadilishwa kila maili 67,500, yaani takriban kilomita 108,600. Na hata kwa magari yaliyotangulia, kama yalitoka kiwandani na njia iliyofungwa, kuichomoa ni kuchezea kifaa cha kudhibiti uchafuzi, jambo ambalo sheria ya hewa safi ya nchi hiyo inalikataza.

Nyuma ya sheria kuna sababu ambayo nadhani ni nzito kuliko sheria yenyewe. Mwaka 2012 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani yenye makao Lyon, Ufaransa, iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Lori likiwa na ekzosi isiyo na chujio, kinachotoka kwenye mpira wa tumbo huonekana si kitu mbele ya wingu lile kubwa. Likishafungwa chujio la masizi, mizani inageuka, na ule mpira mdogo unakuwa mchafuzi mkubwa kuliko bomba la moshi. Waliopima hewa ndani ya mabasi ya shule ya Marekani waliliona hilo. Injini ikiwa mbele, gesi ya tumboni ilipanda na kuingia kupitia mlango wa mbele kila basi liliposimama kupakia watoto, hata ekzosi iliyo nyuma ikiwa imeshasafishwa.

Huku kwetu anayekaa karibu na mdomo wa mpira huo ni utingo anayeweka vigingi kwenye matairi, ni fundi aliyelala mgongo chini ya chesi, ni mama anayeuza mahindi ya kuchoma pale malori yanapopanga foleni mpakani Tunduma au Malaba. Gesi hii hutoka chini, polepole, bila ule msukumo wa ekzosi unaoitupa mbali, na injini ikiachwa ikiunguruma foleni nzima, hewa ya pale chini hujaa. Si haki kulifanya tatizo la intakula yangu kuwa tatizo la kifua cha mwingine.

Njia ya kutoka ipo, nayo ni kuitenganisha oili na gesi kabla ya kuamua gesi iende wapi. Mwaka 1878 Gustaf de Laval wa Sweden aliunda mashine ya kutenga malai na maziwa kwa kuyazungusha kwa kasi, kizito kikatupwa pembeni na chepesi kikabaki katikati. Kampuni iliyotokana na kazi yake, Alfa Laval, ilishirikiana na Haldex mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuanzisha Alfdex, inayounda kifaa cha kutenga ukungu wa oili kwenye injini za malori kwa kanuni ileile. Rundo la sahani huzungushwa na shinikizo la oili ya injini yenyewe, maelfu ya mizunguko kwa dakika, matone hugonga ukuta na kurudi sampu, na gesi iliyokauka huendelea na safari yake. Hakina karatasi ya kuchuja, kwa hiyo hakuna cha kuziba. Kwa injini ndogo zaidi kuna vyombo kama ProVent cha Mann+Hummel ya Ujerumani, wanachokipenda sana wenye Land Cruiser wa Australia. Hicho kina chujio la kubadilishwa, na vali ya usalama inayofunguka chujio likiziba ili sili zisisukumwe. Kikifungwa vizuri kati ya tumbo la injini na njia ya hewa, intakula inabaki karibu kavu na hakuna anayevutishwa moshi. Kama ningeulizwa na mwenye lori, ningemshauri fedha za mpira mrefu aziongezee anunue hiki.

Lakini kabla ya kununua chochote, injini ipimwe. Hapa ndipo gereji zetu nyingi zinaponisikitisha, kwa kuwa kipimo ni cha bei ndogo kuliko soda ya fundi. Kipimo cha haraka kinajulikana: injini ikiwa imepata moto na iko sailensa, fungua kifuniko cha oili, kigeuze, kilaze juu ya tundu. Kikitulia au kikitikisika kidogo, hali si mbaya. Kikirukaruka na kuanguka, injini inapumua kupita kiasi. Hata hivyo kipimo hicho hudanganya, maana kifuniko kikubwa na kizito hakifanani na kidogo na chepesi. Cha uhakika zaidi ni mpira mwembamba wa kupenyesha mwanga, uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji nusu, mwisho mmoja ukiunganishwa kwenye bomba la dipstiki. Shinikizo la tumboni litasukuma maji upande mmoja, na tofauti ya vimo, kwa milimita, ndiyo namba ya kulinganisha na kitabu cha injini ile. Ipimwe pia chini ya mzigo, si sailensa tu, maana injini inayotulia yadini inaweza kupumua vibaya sana ikipanda mlima Kitonga na tani zake mgongoni.

Na namba ikiwa kubwa, ringi zisihukumiwe upesi. Gesi ya tumboni ina vyanzo zaidi ya kimoja, na hili limewagharimu watu injini nzima. Turbo iliyochakaa sili zake husukuma hewa na moshi kupitia bomba lake la kurudishia oili hadi sampu. Lori la breki za upepo lina kompresa yenye pistoni na ringi zake, inayopata oili kutoka kwenye injini. Ringi hizo zikilika, upepo wake hushukia tumboni mwa injini. Kuikamata si kazi ngumu. Tazama yale maji kwenye U wakati kompresa inajaza matangi, halafu tazama tena matangi yakijaa na gavana ikaipumzisha. Kama maji yanapanda ikijaza na kushuka ikipumzika, mgonjwa ni kompresa. Kwa kukosa dakika chache za kutazama, injini hushushwa, hufumuliwa, hufungwa ringi mpya, kisha hurudi barabarani ikipumua vilevile.

Kuna kosa moja ambalo katika nchi zetu za vumbi ni baya kuliko mengine yote. Mpira ukichomolewa kwenye njia ya hewa, pale ulipokuwa hubaki tundu. Tundu hilo liko baada ya chujio. Lisipozibwa barabara, kwa kizibo cha saizi yake na klipu, turbo itavuta vumbi la barabara moja kwa moja bila kuchujwa, na vumbi likifika kwenye silinda hufanya kazi ya msasa. Ringi zinalika, gesi ya tumboni inaongezeka, mpira uliohamishwa unatoa moshi mwingi zaidi, na mwenye gari anasema ni injini ya Mchina. Fundi aliyefunga kitambaa na mkanda wa umeme mahali pa kizibo ndiye aliyeiua.

Kwa lori ambalo tangu kiwandani linapumulia nje, na linahitaji mpira wake uhamishwe kwa sababu unachafua rejeta, mikanda au breki, kazi ina masharti machache na yote ni ya lazima. Mpira uwe wa kuvumilia oili na joto, kwani wa maji hulainika ukajibana ndani. Upana wake usipungue ule wa awali hata kidogo. Ushuke mteremko mmoja bila kutengeneza tumbo, kwa sababu pale unapolegea ndipo maji na oili hukaa na kuziba njia. Uwe mbali na bomba la moshi, maana ukungu wa oili unashika moto, na mbali na matairi na breki. Mwisho wake ukatwe mshazari ukielekea nyuma, na usiishie karibu na pale kichwa cha lori kinapovutia hewa ya dereva. Lori linalovuka mito wakati wa masika, mwisho huo usiwe chini kuliko maji linayoyapita.

Kuna hatari nyingine kwa walioacha njia iliyofungwa kama ilivyo, na haki inataka itajwe. Sampu ikijazwa oili kupita alama, au injini ikichoka sana, oili inaweza kufika turbo kwa wingi badala ya ukungu. Dizeli haichagui: oili ikiingia kwenye silinda huwaka kama mafuta, na injini huanza kukimbia yenyewe. Ukizima ufunguo haisikii, kwani mafuta ya tangi si chakula chake tena. Linalofaa ni kuikata hewa kwa kuziba mdomo wa njia ya hewa kwa ubao au kitu kigumu, kamwe si kwa mkono, au kwa gari la gia, kushika breki na kuachia klachi kwenye gia kubwa ili izimike. Kifaa cha kutenga oili hupunguza hatari hii, mradi kimwagwe kabla hakijajaa. Kinachokusanyika humo, kwenye vyombo vinavyofungwa mitaani, mara nyingi ni uji wa rangi ya maziwa uliochanganyika maji na asidi. Usirudishwe sampu wala usimwagwe mtaroni, bali uhifadhiwe pamoja na oili chafu.

Kipimo cha ule mpira wa U kiandikwe kwenye daftari la gari, pamoja na tarehe, kilomita na hali ya mzigo, kila oili inapobadilishwa. Namba moja peke yake haisemi mengi. Namba nne au tano zilizopangwa kwa kufuatana zitamwonyesha mwenye lori kama ringi zake zinakwisha taratibu au kama kuna kitu kimeharibika ghafla, na zitamwambia mapema afumue injini lini, akiwa yadini kwake na spea mkononi, badala ya kulala njiani na mzigo wa watu.